Kura Zote kwa Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nikinunua maharagwe sokoni Kathonzweni natia mkono mpaka chini ya gunia, kwa sababu mazuri huwekwa juu. Mtu akinisalimu kwa furaha kuliko kawaida, nasubiri aseme anachotaka. Mume wangu husema nilizaliwa jicho moja likiwa wazi. Mimi humjibu kwamba waliozaliwa wamefumba yote mawili ndio wanaouziwa mbegu za mwaka juzi. Kwa hiyo siku kundi letu lilipopiga kura kwa kompyuta, na kura zote zikaenda kwa mama yake mume wangu, nilipiga makofi pamoja na wenzangu lakini roho yangu haikupiga.

Kwetu mtu hachimbi mitaro ya shamba lake peke yake. Tuna mwethya. Akina mama wa kijiji kimoja, na wanaume wachache wasioogopa jembe, tunakutana shambani kwa mmoja wetu, tunachimba, tunatupa udongo upande wa juu uwe tuta la kuzuia maji, tunakula muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, halafu tunahamia kwa mwingine. Kazi yenyewe haijawahi kutushinda. Shida ni nani aanze, kwa sababu mvua ya Novemba haijui mambo ya zamu. Ukiwa wa kwanza, maji yanakuta shamba lako lina matuta. Ukiwa wa tatu, udongo wako unateremka mpaka mto Athi ukiutazama.

Mwaka huo sote tulijua nani alistahili kuanza. Jirani yangu ni mjane mwenye watoto wadogo, na analima kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupanda wakipumzika njiani. Korongo lilikuwa limeanzia chini barabarani, na kila msimu lilikula kipande. Sasa lilikuwa limefika karibu na ukuta wa jikoni kwake, mahali ambapo ungesimama mlangoni ukamwaga maji ya vyombo yakatua ndani yake. Mvua moja nzito ingelichukua jiko. Ya pili ingefika chumba wanacholala watoto. Mama mkwe wangu kwa upande wake ana matuta ya tangu ujana wake, nyasi zimeyashika vizuri, na hakuna maji yaliyowahi kumsumbua.

Zamani tulichagua kwa kuinua mikono, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Ukiinua mkono kila mtu anaona umempa nani, na zaidi ya hapo anaona umemnyima nani. Kuna mama mmoja aliacha kunisalimu misimu miwili kwa ajili ya mkono wangu. Mume wangu, aliyestaafu kazi ya ofisi huko Kiboko akarudi nyumbani na laptop badala ya ng'ombe, ndiye aliyeleta wazo la kura ya siri. Alikuwa amejifundisha mwenyewe kutengeneza kurasa za intaneti, na alitafuta kwa hamu pa kuutumia ujuzi huo.

Ukurasa wenyewe ulipendeza, siwezi kumnyima haki yake. Kila mwanachama alikuwa na kadi: picha, jina, na chini ya jina kitufe cha kijani kilichoandikwa CHAGUA. Unasogeza mouse, unabonyeza mara moja, ukurasa unasema Asante, unaondoka. Hesabu haionekani mpaka mwisho, mwenyekiti atakapobonyeza kitufe chake. Kadi alizipanga kwa umri, mkubwa mbele, kama tunavyosalimiana. Mkubwa wa kundi zima ni mama yake. Nani angemweka mama yake mzazi katikati ya watu, kama mtu aliyechelewa kufika? Hata mimi ambaye mdomo wangu na wa mama mkwe haijawahi kunywa kikombe kimoja cha chai bila kubishana, ningempanga mbele.

Tulipiga kura katika ukumbi wa kanisa. Laptop iliwekwa nyuma ya leso mbili zilizofungwa kwenye migongo ya viti, na tukaingia mmoja mmoja. Wazee wengine waliishika ile mouse kama kifaranga, wakiogopa kuikaza na wakiogopa itatoroka. Mimi nilipoingia niliteremka moja kwa moja mpaka picha ya jirani yangu, nikabonyeza, nikaona Asante, nikatoka.

Mwenyekiti, mama mmoja mpole anayeimba kwaya, alipobonyeza kitufe cha mwisho, chini ya picha ya mama mkwe wangu ikatokea hesabu ya kundi zima. Chini ya picha za wengine wote, sufuri.

Halafu mtu mmoja akapiga makofi, na wengine tukafuata, maana mama mwenyewe alikuwa ameketi pale mbele, fimbo magotini. Nani angesimama aseme, samahani mama, mimi sikukuchagua? Kwetu neno hilo halina mlango wa kutokea. Mwenyekiti akausifu umoja wetu. Mume wangu alisimama pembeni, kifua mbele, akitabasamu. Mama mkwe aliinamisha kichwa akawa anaitazama fimbo yake, hata asante hakusema, nami nikajiambia, haya, tumeshindwa hata kushukuriwa.

Nilijua kidole changu kilibonyeza wapi. Nilirudi nyumbani nikijaribu kujishuku mwenyewe kwanza, kwamba pengine mkono uliteleza. Haukuteleza. Basi nani aliihamisha kura yangu?

Kesho yake jirani alikuja. Hakuingia ndani kama kawaida. Alisimama nje ya ua, mikono ndani ya leso, na salamu zake zilikuwa fupi.

"Nilifikiri wewe angalau," akasema.

"Nilikuchagua wewe."

"Sasa kura yako iko wapi? Niko na sufuri, dada. Sufuri kabisa."

"Mimi sijui iko wapi. Lakini nilibonyeza wewe."

Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya mtu mwingine, kwamba hata yeye alijichagua. Aliona haya, si tabia nzuri, lakini aliwafikiria watoto, akabonyeza picha yake mwenyewe. Na hata hiyo moja haikuwapo.

Hapo damu ikanichemka. Kura yangu peke yake ningesema ni uzee wa macho. Kura mbili ni mkono wa mtu. Na mkono ulioigusa ile laptop kabla na baada ulikuwa mmoja tu, ule unaolala karibu nami. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu nazijua mshono kwa mshono.

Nikaanza kukumbuka mambo. Siku za kabla ya kura alikuwa akiifunga ile laptop kila nikiingia chumbani. Wiki hiyo hiyo alikwenda kurekebisha mfereji wa mabati kwa mama yake, kazi aliyoikwepa tangu Januari. Baada ya kura mama yake alituletea mapapai, na alipoyaweka mezani hakuniangalia usoni. Ukitafuta ushahidi wa jambo unaloliamini tayari, utaupata hata kwenye papai. Siku hizo sikuliona hilo.

Mtu atauliza, mbona sikumkabili mume wangu tu? Kwa sababu ili nimwambie kura yangu imepotea, ingebidi kwanza nimwambie kwamba sikumchagua mama yake. Aliyeolewa Ukambani ananielewa. Na sababu ya pili, mshukiwa hapewi nafasi ya kujisafisha. Ukimuuliza leo, kesho hutakuta kitu. Wakati nao haukuwa mwingi. Tulikubaliana kuanza kazi tukishamaliza kuvuna mbaazi, na mwethya ukishaingia kwa mama mkwe hautatoka mpaka mvua ianze. Nilikuwa na wiki chache za kujua ukweli, la sivyo korongo lingempata jirani yangu kabla yetu.

Nikafanya jambo ambalo hakulitegemea. Jumapili baada ya kanisa nilivuta kiti pale barazani alipokuwa ameketi na laptop yake, nikamwambia nataka anifundishe.

Hakuamini. "Wewe?"

"Kwani mimi sina kichwa?"

Alifurahi, jamani. Alisimama akaniletea kiti chenye mgongo, akafuta kioo cha laptop na shati lake, akaanza kunifundisha kwa subira ambayo sijawahi kuiona akiitumia na mtu mwingine, hata watoto wetu walipokuwa wadogo. Aliniambia ukurasa uuone kama boma: kuna nyumba, zizi, ghala, kuku. Ukitaka kufanya lolote na mmoja wao, lazima kwanza umshike. Kumshika huko kunaitwa document.querySelector. Unaiambia unayemtaka. Ukiweka alama ya reli, hii #, mbele ya jina, inamtafuta yule mmoja mwenye kitambulisho hicho. Ukiweka nukta, inatafuta walio wa jamii hiyo. Kisha kuna addEventListener, yaani unaweka mtu wa kusikiliza. Unamwambia, ukisikia click, kitufe kimebonyezwa, fanya kazi hii. Asiposikia kitu anakaa pale pale bila kulalamika.

Huyo msikilizaji nilimpenda sana. Ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya mimi mwenyewe katika nyumba ile.

Jumapili iliyofuata nilitengeneza kitufe changu cha kwanza. Ukikibonyeza, neno "mbuzi" linageuka jekundu. Ilikuwa kazi ya kitoto, lakini mume wangu alisimama barazani akamwita mama yake kutoka shambani kwake aje aone. Mama mkwe akaja na fimbo yake, akamtazama mbuzi akibadilika rangi, akasema, "Na anatoa maziwa?" Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nikacheka pia, halafu nikajikemea moyoni, maana mtu akishakuchekesha ni vigumu kuendelea kumpeleleza.

Nikagundua pia kwa nini alikuwa akifunga laptop nikiingia. Alikuwa akijifunza kwenye ukurasa wa wanaoanza, wenye picha za katuni, uliotengenezewa watoto wa shule, na aliona haya nimwone. Alinionyesha mwenyewe. Ushahidi wangu mmoja ukaanguka hivyo. Nikabaki na mingine.

Siku aliyosafiri kwenda Kwa Vonza kumjulia hali dada yake, niliifungua laptop asubuhi hiyo hiyo, vumbi la pikipiki iliyomchukua halijatulia. Nikaufungua ukurasa wa kura, nikaingia ndani yake mahali palipoandikwa maagizo. Nilikuwa nikitafuta jina la mama yake. Niliamini kuna mstari uliosema, kwa lugha ya kompyuta, kila kura mpeni mama. Nilisoma kutoka juu mpaka chini, kidole kwenye kioo. Jina lake lilikuwa chini ya picha yake tu, kama la mtu mwingine yeyote.

Nikarudia polepole. Vitufe vyote alikuwa amevishika vizuri, kwa querySelectorAll, ile inayokusanya wote badala ya mmoja. Kila kitufe alikiwekea msikilizaji wake. Mpaka hapo kazi safi. Lakini ndani ya kazi aliyopewa msikilizaji, mahali pa kuamua kura iingie kwenye kadi ipi, kulikuwa na mstari huu: document.querySelector('.mwanachama'). Nukta, mwanachama. Haikusema mwanachama yupi.

Nikaacha kusoma, nikaifungua hesabu kwa kitufe cha mwenyekiti, nikaanza kubonyeza. Nilibonyeza picha ya jirani, hesabu ya mama mkwe ikapanda. Nikabonyeza ya mwenyekiti, ya mama mkwe ikapanda. Nikabonyeza picha yangu mwenyewe, ile niliyopigwa nikiwa nimekunja uso, na yeye akapanda tena. Ungebonyeza nani, angepanda yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye ukurasa, na mstari ule ulikuwa ukimshika wa kwanza unayemkuta na kuacha kutafuta.

Sasa nilijua jinsi kura zilivyopotea. Ulifikiri nilitulia? Nilizidi kushuku. Mwizi mjinga angeandika jina la mama yake. Mwizi mwerevu angemweka mama yake mbele, kwa heshima, mbele ya watu wote, halafu aandike mstari usiomtaja mtu. Na mume wangu si mjinga. Niliifunga laptop nikaenda kupepeta mbaazi, na nadhani siku hiyo nilipepeta nikamwaga hata zilizo nzuri.

Niliamua kumtega. Niliandika ukurasa wangu mdogo wa mazoezi wenye kadi tatu: kuku, mbuzi, punda, kila mmoja na kitufe chake. Ndani nikauweka mstari wake ule ule, nikabadilisha jina tu. Jumapili nikamwita, nikaketi mahali ninapouona uso wake vizuri, maana mume wangu mdomo wake unaweza kunyamaza lakini kope zake haziwezi.

"Hii kitu inanisumbua," nikamwambia. "Nikibonyeza punda, kuku ndiye anageuka rangi. Nikibonyeza mbuzi, ni kuku. Kwa nini?"

Nilisubiri kope zicheze. Hazikucheza. Aliinama akasoma, akatabasamu kwa upole kama mwalimu aliyekutana na kosa analolipenda.

"Ni kwa sababu querySelector humshika wa kwanza tu," akasema. "Umeiambia itafute mnyama, ikaanza juu, ikakuta kuku, ikaridhika. Haina haja ya kujua wewe umebonyeza wapi. Hilo lazima uliulize tukio lenyewe. Kubonyeza kunapotokea, msikilizaji anapewa habari zake, na ndani ya habari hizo kuna event.target, yaani yule aliyeguswa. Unaanzia kwake, unapanda mpaka kadi yake. Usipofanya hivyo, hata ukiwa na wanyama mia, kila siku atakayepata ni yule wa..."

Hakumaliza. Mdomo ulibaki wazi, na uso ukamsawijika. Alinipokonya mouse, akaufungua ukurasa wa kura, akabonyeza picha ya jirani yetu, akaitazama hesabu ya mama yake ikipanda. Akabonyeza mwingine. Akabonyeza mwingine.

"Mimi nilipoujaribu nilibonyeza mama tu," akasema. "Nilibonyeza kitufe cha mama, ikafanya kazi, nikafunga."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu anajaribu kazi yake kwa kumchagua mama yake, kwa sababu hata kwa kujaribu hawezi kumchagua mama wa mtu mwingine. Na kwa mama yake ukurasa haukuwa na kosa lolote.

Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Mume wangu si mwizi. Ni mtu aliyempenda mama yake zaidi ya alivyopenda kuhakikisha. Nilimshika bega nikamwambia tutalirekebisha, na tukalirekebisha pamoja jioni hiyo, mimi nikisoma na yeye akiandika. Tulimjaribu kila mmoja, mpaka mimi na uso wangu uliokunjwa. Alikuwa akirudia kusema, "Bahati yako na huyo punda. Bila huyo punda singejua." Mimi nikasema ndiyo, bahati.

Hakungoja siku ya mkutano. Alimwendea mwenyekiti, watu wakaitwa ukumbini, akasimama mbele yao akaeleza kosa lake bila kujitetea. Alisema kompyuta haikudanganya, yeye ndiye aliyeiagiza vibaya. Alisema mke wake ndiye aliyelivumbua, akijifunza, na akanionyesha kwa mkono, akijivuna kuliko siku ya makofi. Watu wakanitazama. Nikatazama sakafu.

Tulipiga kura tena. Jirani yangu alipata karibu zote. Mbaazi zilipokwisha mashambani, mwethya ukaingia kwake na majembe na sepeto, tukaanza juu kwenye kichwa cha korongo, tukilijaza mawe na magunia ya mchanga, halafu tukachimba mitaro kufuata mteremko. Mume wangu alichimba kuliko wanaume wote. Nadhani alikuwa akilipa.

Siku ya mwisho ya kazi tuliketi kwenye tuta jipya tukila. Mama mkwe, ambaye siku hizi hachimbi lakini hakosi, alikuwa ameletewa kigoda. Alikula kidogo, akauweka mkono kwenye goti la mwanawe, akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ile kura ya kwanza alijua siku ile ile kuwa imeharibika.

"Ulijuaje, mwaitu?" mume wangu akauliza. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Kwani mimi sina kidole? Nilibonyeza huyu." Akamwonyesha jirani kwa kijiko. "Mimi matuta yangu yatanifikisha kaburini. Lakini kura yangu nikaiona imerudi kwangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini mbele za watu? Kwamba mtoto wangu ameniibia kura? Nilinyamaza usiaibike. Nilikuwa nikiomba Mungu akugeuze."

Mume wangu aliweka sahani chini. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye siku ile alimbonyeza jirani. Mwingine akasema na mimi. Mwingine naye. Walisema kwa nia njema, wakidhani sasa jambo limekwisha na linaweza kuchekwa. Wawili watatu walicheka kweli. Mume wangu alikuwa akimtazama kila mmoja anapofungua mdomo.

"Kwa hiyo nyote mlijua," akasema. "Na nyote mlifikiri ni mimi."

Jirani alijishughulisha na kukusanya vikombe. Mimi alinigeukia mwisho, na aliponigeukia uso wake ulikuwa bado na tumaini, hilo ndilo ninaloliona mpaka leo.

"Wewe ulibonyeza nani?"

Mdomo wangu haujawahi kukosa jibu. Ningeweza kusema mama. Lakini mama mwenyewe alikuwa pale kwenye kigoda akisubiri kusikia, na jirani alikuwa amesimama na vikombe mkononi, na huyo nilikuwa nimeshamwambia ukweli.

"Huyu," nikasema.

Nilimwona akihesabu kurudi nyuma. Alipita kwa punda na kuku, akapita kwa mbuzi mwekundu, akapita siku alipokwenda Kwa Vonza, mpaka akafika Jumapili ile niliyovuta kiti barazani nikasema nataka kufundishwa. Alikaa hapo kidogo. Halafu akasema, "Sawa," akachukua jembe akaenda kumalizia mtaro uliokuwa umeisha.

Sikuomba msamaha. Ningeomba kwa lipi? Kura zilipotea kweli, korongo lilikuwa kweli, na nisingechungulia kusingekuwa na mtu wa kuona mstari ule. Ikitokea tena kesho nitachungulia tena. Lakini iliniuma, na bado inaniuma, na sijui pa kuuweka uchungu ambao hauna kosa la kutubu.

Mvua ilikuja kwa fujo mwaka huo, radi mbele maji nyuma. Asubuhi tulikwenda kwa jirani bila kuitana, tukakuta maji yamesimama katika mitaro, mtaro kwa mtaro, mekundu na matulivu, na jiko lake linatoa moshi. Mama mkwe alipiga magoti kwenye tope akashukuru. Mume wangu alilizunguka korongo lote akikagua mawe, akarudi akasema yameshika.

Nyumbani hatukugombana. Anakula ninachopika, anasalimu, anauliza habari za mifugo. Jumapili moja, mvua ikiwa imepumzika, nilimkuta barazani na laptop yake, nikaketi karibu naye. Nilimwambia nataka kujifunza jinsi ukurasa unavyoweza kukumbuka ulichobonyeza hata ukiufunga na kuufungua tena. Nilikuwa nataka kweli. Katika kumchunguza yeye kazi yenyewe ilikuwa imeniingia, nikawa naiota mchana.

Alisogea akanipa nafasi, kama zamani. Akaigeuza laptop nione vizuri, akafungua ukurasa mtupu, akaweka vidole tayari. Kisha akaniuliza, bila hasira, macho yake kwenye kioo:

"Safari hii unamtafuta nani?"